Mila Alizoturudishia Koko

Familia yetu ilikuwa na sikukuu yake yenyewe, ambayo haimo katika kalenda ya Sweden wala ya Kongo. Tuliiita Shukrani. Iliangukia Jumamosi moja ya vuli, karibu na siku wazazi wangu walipopata kibali cha kukaa, na ilikuwa Jumamosi kwa sababu Baba aliendesha basi na Jumapili zake hazikuwa zake. Naambiwa mwaka wa kwanza watu walijaa sebuleni kwetu Alby mpaka wengine wakala wamekaa ngazini, na Baba aliomba sala ndefu hata bugali, ugali wetu, ukawa mgumu kama tofali. Hayo naambiwa tu. Ninayoyakumbuka mimi ni ya miaka ya baadaye, sikukuu ilipokwisha kunyauka.

Ilinyauka polepole, bila mtu wa kulaumiwa. Wageni walipungua kwa sababu kila mtu alipata kazi ya wikendi. Sombe, yale majani ya muhogo, iliondoka kwa sababu ilichelewa kuiva. Bugali uliondoka kwa sababu mdogo wangu aliususia. Mwaka wa 2007, mimi nikiwa na miaka kumi na minne, tulikula taco za pakiti, vile vikate vya mahindi vya kujazwa nyama, vinavyovunjika ukiviuma mara ya kwanza, mbele ya televisheni ambako watu mashuhuri walikuwa wanashindana kucheza dansi. Baba aliomba akiwa ameshika rimoti.

"Bwana, asante kwa yote, amina."

Mdogo wangu hakuinua kichwa kutoka kwenye mchezo wake wa mkononi. Mimi nilikuwa naandikiana na rafiki yangu chini ya meza. Mama alituangalia mmoja mmoja, akaweka sahani yake chini.

"Hii ni Shukrani ama ni Ijumaa?"

Sweden, Ijumaa jioni ndiyo saa ya taco na televisheni. Nyumba nzima nzima hufanya hivyo, na sisi tulikuwa tumeshajifunza vizuri. Mdogo wangu hakusikia uchungu uliokuwa katika swali. Alijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, kwamba leo ni Jumamosi.

Mama aliingia bafuni, akafungulia maji ya bomba ili tusimsikie. Alipotoka macho yalikuwa mekundu na uamuzi ulikuwa umepita.

"Mwakani," alisema, "tutashukuru kama kwetu. Kama mababu."

Tatizo lilikuwa kwamba hakuna aliyejua mababu walishukuru vipi. Mama alilelewa Bukavu mjini, kwa masista, ambako shukrani ilikuwa kupanga mstari na kuimba kwa Kifaransa. Baba alizaliwa Uvira, kando ya ziwa, lakini alipelekwa shule ya bweni mapema na kila alipoulizwa habari za nyumbani alisema hakumbuki. Akabaki mtu mmoja tu wa kuulizwa: mama yake Baba, Koko wetu, ambaye alikuwa amefika kutoka Uvira katika majira ya kuchipua ya mwaka uleule.

Jioni ile ya taco Koko alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, ameshika taco kwa mikono miwili kama mtu aliyeombwa amshikie mwenzake mzigo. Hivyo ndivyo alivyoishi kwetu miezi ile yote. Aliomba ruhusa kufungua friji. Aliuliza kama anaweza kukaa. Mtu wa makamo yake, mwanamke aliyeuza samaki sokoni na kulea watoto na kuzika mume, alikuwa anamwuliza mdogo wangu, mtoto wa miaka minane, kama choo kiko huru.

Mama alivuta kiti karibu naye.

"Mama, kwenu Shukrani ilikuwa inafanywa vipi? Ile yenyewe. Ya zamani."

Koko aliangalia televisheni, ambako mwanamume mwenye shati la kumetameta alikuwa anamzungusha mwanamke.

"Kwanza," alisema, "ile siku, kitu chochote chenye kuongea kinafunikwa na kitenge."

"Kitu kama nini, Koko?" niliuliza. "Kulikuwa na televisheni kijijini?"

"Kulikuwa na redio. Redio tulifunika." Akageuka kwa Mama. "Njo vile ilikuwa."

Mama aliinama kidogo, kama anapokea kitu cha thamani mkononi.

Ndivyo ilivyoanza. Mwaka mzima uliofuata, Mama akirudi kutoka kazini kwake, kule alikotunza wazee wa Kiswidi, alikaa na Koko kunywa chai na kumwuliza zaidi. Na Koko alikumbuka. Kumbukumbu zilimjia moja moja, bila haraka, kwa kawaida wakati kuna jambo linamsumbua. Wiki Baba alipomwambia asikaange samaki madirisha yakiwa yamefungwa, alikumbuka kwamba siku ya Shukrani mwanamume ndiye anayetwanga sombe.

"Mwanamume?" Baba aliuliza.

"Mwenye nyumba. Anatwanga mwenyewe, na watu wanamuona."

"Mama, sombe ya hapa inauzwa kwenye pakiti. Imeshasagwa. Inatoka kwenye barafu."

"Nani alisaga?"

"Mashine."

"Mashine inashukuru?"

Nilimwona Baba anamwangalia mama yake kwa namna ya ajabu, kisha akachukua koti akaenda kazini.

Baada ya hapo Koko alikumbuka kwamba firigisi ya kuku, siku hiyo moja, inaliwa na mama mzee wa nyumba. Hapa hata mdogo wangu alishangaa, kwa sababu firigisi kwetu ilikuwa ya Baba tangu dunia iumbwe. Mama alinunua kuku wazee wa barafu kwenye duka la Fittja, mtaa wa jirani, si wale wa supamaketi, kwa ajili ya hiyo firigisi tu. Koko alikumbuka pia kwamba kabla ya kula kila mtu anasimama na kumshukuru mtu mmoja aliyemo chumbani, usoni, kwa kitu kimoja cha kweli. "Mungu munamushukuru kila siku," alisema. "Mutu je?" Mama aliyarudia maneno hayo kanisani na akina mama wakatikisa vichwa kwa kuguswa.

Mimi nilimeza yote kama Mama, mpaka siku Koko alipokumbuka habari za miguu. Kulingana na mila, mjukuu wa kwanza wa kike anamkanda bibi yake miguu kwa mafuta ya moto, jioni saba kabla ya Shukrani, ili bibi aweze kusimama mbele za watu.

Mjukuu wa kwanza wa kike nilikuwa mimi.

Nilikanda jioni ya kwanza. Jioni ya pili, Koko akiwa amelaza kichwa nyuma na kufumba macho kama paka, aliniambia nisisahau visigino, na hapo ndipo shaka iliponiingia. Kesho yake, nikitoka shule, nilinunua kadi ya simu kwenye kibanda cha Alby, nikampigia mdogo wake Koko aliyebaki Uvira. Tulimwita Koko Mdogo. Laini ilikuwa inakwaruza, na ilibidi nipige kelele kwenye benchi nje ya stesheni huku watu wakinipita na mifuko yao.

"Koko Mdogo! Shukrani ya zamani! Ni kweli mwanamume alikuwa anatwanga sombe?"

Kicheko, kicheko kirefu cha kunilia kadi.

"Atwange? Kwetu? Huyo mwanamume alitoka nchi gani?"

"Na firigisi alikuwa anakula mama mzee?"

"Babu yako alikuwa anauliza firigisi iko wapi kuku akiwa bado anatembea!"

"Na kukanda miguu?"

"Miguu ya nani? Nani angemkanda, mbuzi?" Alicheka tena, kisha akatulia. "Sikia, mutoto. Ile siku kulikuwa na kitu kimoja tu cha lazima. Sahani ya kwanza hailiwi nyumbani. Inapelekwa kwa mutu mwenye mumegombana naye. Mama yetu alikuwa anamutuma dada yangu kila mwaka, kwa sababu yeye njo alikuwa na maadui wengi. Hakuwaambia hiyo?"

"Hapana."

"Hawezi kusema. Alikuwa anaenda nyuma ya migomba, anakula yeye mwenyewe, anarudisha sahani tupu. 'Wamesema asante.' Kila mwaka! Mpaka adui mumoja akakuja kuuliza mbona anarukwa."

Hapo kadi ikaisha.

Jioni ile nilipasha mafuta vizuri kuliko siku zote. Nilianza na mguu wa kushoto.

"Koko, leo nimeongea na mdogo wako."

Vidole vya mguu vilisimama.

"Anaendelea?"

"Anaendelea. Anakusalimu sana. Anasema firigisi ilikuwa ya Babu."

Koko hakufumbua macho. "Dada yangu alikuwa mudogo sana. Hajui kitu."

"Anasema pia kuna sahani ulikuwa unapeleka. Nyuma ya migomba."

Jicho moja lilifunguka. Tulitazamana. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika, na mabega, na ilibidi ashike mdomo kwa kitambaa ili Mama, aliyekuwa jikoni, asisikie. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka hivyo tangu afike. Na mimi nikaanza, mafuta yakamwagika kwenye zulia.

"Utamwambia mama yako?" alinong'ona.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitano na sikuwahi kushika kitu chenye nguvu namna ile. Niliweka masharti yangu mawili. La kwanza: ile mila ya kweli irudi, na yeye mwenyewe apeleke sahani. La pili: akumbuke kwamba siku ya Shukrani wasichana hawaoshi vyombo.

"Na miguu?"

"Miguu namalizia. Lakini visigino mwisho leo."

Koko alinipima kwa macho. "Wewe uko mubaya," alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa baraka.

Kesho yake mezani alishika paji la uso. Alikuwa amekumbuka vitu viwili. Mama aliacha kula ili asikie vizuri. Habari ya sahani ya adui ilimgusa hata akatokwa machozi; alisema hiyo ndiyo Injili yenyewe, na mababu waliijua kabla ya wamisionari. Habari ya vyombo ilimfanya Baba asimamishe kijiko hewani.

"Kama wasichana hawaoshi, nani anaosha?"

"Wanaume," alisema Koko.

Nyumbani kwetu wanaume walikuwa Baba.

Swali la adui halikuhitaji mjadala. Chini yetu aliishi mama mmoja wa Kiswidi, mstaafu, mwenye mbwa mdogo mweupe, na yeye na Koko walikuwa vitani. Hawakuwahi kubadilishana neno kwa sababu hawakuwa na lugha ya kubadilishana. Koko akitwanga pilipili, yule mama aligonga dari yake kwa fimbo ya ufagio. Koko alijibu kwa kugonga sakafu na mchi, mara moja zaidi. Koko akianika ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye balkoni, yule mama alifunga dirisha lake kwa kishindo kilichosikika ghorofa zote. Mara moja walikutana kwenye lifti, na mdogo wangu aliyekuwepo alisema hakuna aliyepumua mpaka chini.

Siku yenyewe ilipofika, nje kulikuwa na kijivu kile cha vuli ambacho huwezi kujua ni asubuhi au alasiri. Mama alifunika televisheni na kompyuta kwa vitenge, kila kimoja na chake, zikawa kama wageni wawili waliokuja mapema. Baba alikwenda Fittja kwa mama mmoja wa Burundi kuazima kinu kikubwa. Fittja ni stesheni moja tu kwa tunnelbana, treni ya chini ya ardhi, lakini hiyo stesheni moja alisafiri amekumbatia kinu kifuani, na abiria mmoja akamwuliza kama ni ngoma. Baba alisema ndiyo. Yule akamwuliza anapiga muziki wa aina gani. Baba akasema wa kanisani.

Kisha alivua saa, akakunja mikono ya shati, akatwanga sombe iliyokwisha kusagwa. Koko alihamisha kiti chake kutoka dirishani akakiweka katikati ya sebule ili amwone vizuri.

"Pole pole. Usiirushe ukutani. Inua mkono. Huko shule ya bweni walikufundisha nini?"

Jasho lilimtoka Baba. Kila mchi ulipotua, vikombe kabatini viliruka. Haikuchukua muda, kutoka chini zikapanda ngo, ngo, ngo za fimbo ya ufagio. Mkono wa Koko ulinyooka wenyewe kuomba mchi ajibu. Nilimkazia macho. Akarudisha mkono kwenye magoti.

"Sahani," alisema kwa shida. "Leteni ile sahani."

Mama alipakua bugali, sombe, paja la kuku na ndagala kidogo juu, akafunika kwa kitambaa cheupe. Koko alibeba sahani, mimi nikamfuata kama mkalimani. Alikataa lifti. Tulishuka ngazi taratibu, na pale katikati ya ghorofa, kwenye kona ambapo huonekani kutoka juu wala kutoka chini, alisimama. Aliinua pembe ya kitambaa.

"Koko."

"Nasikia harufu tu."

"Koko, hakuna migomba hapa."

Alishusha kitambaa na kuendelea, akinung'unika kwa Kifuliiru, lugha asiyoitumia ila kwa mambo ambayo hataki tuyaelewe.

Yule mama alifungua mlango akiwa ameshika ufagio bado. Mbwa alibweka, akanusa, akanyamaza. Wanawake wawili walitazamana kwa karibu kwa mara ya kwanza, na nikaona kwamba walikuwa na urefu mmoja, na sweta za rangi moja.

"Mwambie," alisema Koko, "ana masikio kama popo. Lakini leo ni Shukrani, na nimelazimishwa, kwa hiyo achukue."

Nilisema kwa Kiswidi kwamba bibi yangu anamsalimu, anajua tumekuwa tunampigia kelele, na leo tuna sikukuu ya kushukuru ambayo sahani ya kwanza hupewa jirani.

Yule mama aliangalia sombe. "Ni hiyo ndiyo mmekuwa mkiipiga tangu asubuhi?"

"Ndiyo."

"Imewakosea nini?"

"Anasemaje?" aliuliza Koko.

"Anauliza imepikwa vipi."

"Ahaa." Koko alilainika kidogo na akaanza kumweleza, kwa Kiswahili, kwa mikono yote miwili, akiwa amenipa sahani nishike: mawese, vitunguu, bilinganya, moto mdogo. Alisema mengi kuliko nilivyoweza kutafsiri. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho bila kuelewa neno, akaweka ufagio ukutani, akapokea sahani kwa mikono miwili. Halafu akafunga mlango, si kwa kishindo.

"Amechukua," Koko alisema tukipanda, kwa mshangao. "Amechukua kweli."

Tuliporudi, Mama alitupanga mduara. Mdogo wangu alitakiwa kuanza kwa sababu ndiye mdogo, na Koko alikuwa amekumbuka kwamba mila inataka Kiswahili. Mtoto alisimama, akajikunyata, akajaribu Kiswidi, akaangaliwa, akaanza upya.

"Nashukuru Koko," alisema, neno moja moja, "kwa sababu... anakula karoti yangu. Wakati Mama haoni."

Mama alimgeukia Koko. Koko aligeukia dirisha.

Baba alifuata. Nilitegemea "asante kwa yote." Alisimama na shati lililolowa jasho, akamtazama Mama, kisha kinu, kisha Mama tena.

"Miaka ile natafuta leseni ya basi," alisema, "nilianguka mtihani wa maandishi. Nikaanguka tena. Nikaanguka tena. Na kila Jumapili watu wa kanisa walikuwa wanauliza, na mama yenu alikuwa anajibu kabla yangu. Anasema mtihani umeahirishwa. Nchi hii, anasema, wanapenda sana kuahirisha." Akamgeukia Mama. "Sijawahi kukushukuru kwa ule uongo."

Mama, ambaye hakuwahi kututajia hata siku moja kwamba Baba alianguka mtihani wowote, alifunika uso kwa mikono, akicheka na kulia. Sisi watoto hatukujua tutazame wapi. Wazazi wetu hawakuwa wakiambiana mambo mbele yetu, zaidi ya kuulizana funguo ziko wapi.

Ilipofika zamu yake, Mama alipiga magoti mbele ya kiti cha Koko. Alimshika mikono.

"Mama, nakushukuru kwa kuturudishia mila. Mimi sikuwa na mtu wa kunifundisha. Ungeondoka nazo, watoto wangu wangebaki bila kitu."

Wakati huo Koko, ambaye hakungoja watu waanze kula, alikuwa na firigisi shavuni. Hakuweza kutafuna na hakuweza kumeza. Alinitazama juu ya kichwa cha Mama kwa macho ya kuomba msaada, na mimi, kwa kuwa ilikuwa zamu yangu inayofuata, nilisimama haraka.

"Na mimi namshukuru Koko," nilisema, "kwa kumbukumbu yake."

Koko alipaliwa. Mama alimpiga mgongoni, mdogo wangu akakimbilia maji, na katikati ya fujo hiyo kengele ya mlango ikalia.

Alikuwa yule mama wa chini, amevaa sketi nyingine na amepaka rangi ya mdomo. Sahani yetu ilikuwa mkononi mwake, imeoshwa, na juu yake vipande vya samaki vinang'aa katika mchuzi wa siki wenye vitunguu na pilipili manga. Mwacheni aingie, alisema Mama, mwacheni akae. Tulimweleza mduara. Alisema yeye hapa hana mtu wa kumshukuru, kisha akasita, akamwonyesha mdogo wangu kidole. Yule mtoto, alisema, humshikia mlango wa lifti mpaka mbwa aingie, na mbwa siku hizi ni mzee, anachelewa. Mdogo wangu alijivuna hadi akaonekana ameongezeka kimo.

Koko aliona samaki. Alikuwa amewauza maisha yake yote, na hakuna samaki aliyemwogopesha. Alichukua kipande kizima, akakitia mdomoni mbele ya watu wote, akatafuna mara moja. Uso wake ulipita majira yote manne.

"Kuna sukari," alisema kwa sauti ndogo. "Mutu ametia sukari ndani ya samaki."

"Anasemaje?" aliuliza jirani.

"Anasema hajawahi kula kitu kama hiki," nilitafsiri, na kwa mara ya kwanza siku ile sikudanganya.

Jirani alifurahi, akamwongezea kipande. Koko alikula. Sharti la kwanza lilikuwa gumu kuliko nilivyodhani nilipolitoa.

Jioni Baba aliosha vyombo. Nilikaa jikoni kumtazama, kwa sababu nafasi kama hiyo haikuwa ya kupotezwa. Alikuwa anasugua sufuria ya sombe taratibu, bila kunung'unika, kinyume na nilivyotegemea.

"Kwetu," alisema bila kugeuka, "firigisi ilikuwa ya baba."

Nilijifanya nahesabu vijiko.

"Na baba yangu hakugusa mchi maisha yake yote. Alikuwa anapita mbali na kinu kama kinauma."

"Ulijua?"

"Shule ya bweni nilienda na miaka kumi na miwili. Mtu wa miaka kumi na miwili anakumbuka firigisi ni ya nani."

"Sasa mbona ulitwanga?"

Aliinua sufuria kwenye mwanga, akaona doa, akairudisha majini.

"Tangu afike, umewahi kumsikia akimwagiza mtu kitu? Anakaa pale dirishani kama anangoja basi. Siku ya kwanza aliponiambia nitwange, alisema kwa ile sauti yake ya sokoni. Nilidhani sauti hiyo ilibaki Uvira." Akaninyooshea kitambaa. "Futa. Hiyo ya vyombo si ya Koko, hiyo ni yako. Naijua sauti yako pia."

Nilifuta.

Mama hakuambiwa, na sidhani kama hajui. Mwaka uliofuata alialika watu wa kanisa, na walioalikwa wakaenda nayo makwao, na sikukuu yetu ikatoka nje ya mlango wetu. Nikiwa na miaka kumi na minane hivi tulialikwa kwenye Shukrani ya familia moja ya Fittja, watu wa Fizi kule Kongo, kwenye ukumbi wa kukodi. Televisheni ya ukumbi ilikuwa imefunikwa kitenge. Wanaume walitwanga kwa zamu, wengine wakipigwa picha. Mama mwenye shughuli, mwanamke mwenye kilemba kikubwa na heshima zake, alinishika mkono akanieleza kwamba sisi watoto tuliozaliwa na kukulia Ulaya hatujui asili yetu: kwamba zamani, tangu enzi za mababu wa mababu, siku hiyo wasichana hawakuosha vyombo. Nilimwambia sikujua. Nilimshukuru kwa kunielimisha.

Koko alikuwa kando yangu, anasikiliza kwa adabu, firigisi kadhaa zikiwa kwenye sahani yake.

"Ni kweli," alimwambia yule mama. "Lakini umesahau moja."

"Ipi, Mama?"

"Bibi mwenye kuja kwenye Shukrani hapandi treni kurudi nyumbani. Wanamurudisha na gari. Anakaa mbele."

Yule mama alijipiga paji la uso, akaomba radhi, akamwita mume wake alete funguo. Tulirudi Alby kwa gari, njia ambayo tungeimaliza kwa treni kabla hata ya kukaa vizuri. Koko alikaa mbele, mkanda umefungwa, anamwelekeza dereva apite wapi, na dereva akapita hapo.